Chungu cha Mti wa Vidole

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa donge la udongo. Nilikuwa nimetoka kwetu Masaba, Usamia, alfajiri, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, nikidhani kazi ya Serikali huanza kwa kupewa jembe au angalau kofia. Nyapara wa kitalu cha Busia, mzee mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alinitazama juu mpaka chini, akainama, akachota udongo na kunitia mkononi. Akaniambia niufinye, kisha niuachie. Ulibaki umeshikamana, una alama za vidole vyangu. Akasema udongo wa namna hiyo unafaa kukandika nyumba, si kulelea mche, na kwamba nisije mbele yake mpaka nijue kuchanganya udongo ambao ukiufinya unashika na ukiugusa unamomonyoka. Nilichanganya hadi jioni. Kofia sikupewa mwaka ule wala uliofuata.

Ninyi vijana mnaonunua miche kando ya barabara, ikiwa ndani ya vifuko vyeusi vya nailoni, mnaweza kudhani kazi yetu ilikuwa mchezo. Wakati wa Mwingereza vifuko hivyo havikuwapo. Kitalu, yaani mahali pa kuoteshea na kulelea miche kabla haijaenda shambani, kilikuwa matuta yaliyoinuliwa, na juu yake vichanja vya matete vya kupunguza jua. Tulisia mbegu za mikalitusi na mivule, tukaatika miche, maana yake kuing'oa ikiwa michanga na kuipanda tena kwa nafasi, halafu tukaizoesha jua kidogo kidogo kwa kuondoa matete. Mtu mwenye haraka hakudumu katika kazi ile. Mimi nilidumu, ingawa mke wangu husema ni kwa sababu nilikuwa mvivu wa kutafuta kazi nyingine.

Baada ya kukaa Busia miaka michache nikahamishiwa kitalu kikubwa cha Tororo, chini ya mwamba. Huko nilikuta watu wawili walionifunza mengi. Wa kwanza ni nyapara, jina lake Othieno, Mdhola, mwenyeji wa huko, mnene mwenye kicheko, ambaye tangu siku nilipofika hadi tulipoagana hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwake nilikuwa "wewe Msamia," na alilitamka kwa namna ambayo hungeweza kukasirika. Wa pili alikuwa ofisa wa misitu. Sisi tulimwita Bwana Miti, kama walivyoitwa maofisa wote wa idara ile, na ndivyo nilivyomwita miaka yote niliyofanya kazi chini yake. Alikuwa mrefu, mkimya, nywele zimeanza mvi. Kabla ya hapo alikuwa ametumikia upande wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, na nyapara alipoteleza katika ngeli yeye alitabasamu tu bila kusahihisha.

Asubuhi moja gari moshi lilileta sanduku kutoka nyanda za juu za Kenya, kwenye baridi. Bwana Miti alilifuata stesheni yeye mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na miche iliyofungwa kwa nyasi zenye unyevu, vijiti vyembamba vyenye majani ambayo sijapata kuona tena. Kila jani lilikuwa kama kiganja cha mtoto kilichofunguliwa, na vidole vyake vimechongoka. Bwana Miti alisema unaitwa mepo, mti wa Japani. Jina halikukaa vinywani mwetu, basi tukauita mti wa vidole.

Sisi hatukujua miti ile ilikuwa ya nini, ila nitawaambia ninyi sasa hivi ili msisumbuke. Mke wa Bwana Miti alikufa Tororo kwa homa ya mkojo mweusi kabla mimi sijahamia huko, akazikwa katika makaburi ya Wazungu. Nyumbani kwao Ulaya, mti wa namna ile ulisimama mbele ya dirisha lake tangu alipokuwa msichana. Bwana Miti alikuwa anastaafu, angeondoka mvua za masika zikianza, na hakutaka kumwacha mkewe peke yake chini ya nyasi. Alitaka angalau mche mmoja uwe na nguvu ya kupandwa kaburini kabla hajapanda gari moshi. Hakuwa na mtoto, na hakuwa na nia ya kurudi.

Kazi ya kulea miche ile nilipewa mimi, na Bwana Miti akanifundisha masharti yake. Mti wa vidole unapenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukiuacha kwenye jua la saa nane, kingo za majani zinaungua na kuwa kahawia. Upepo mkavu nao unaudhuru vilevile, kwa hiyo nilijenga ukuta wa matete upande wa kaskazini. Maji upewe asubuhi, taratibu, kwenye udongo na si kwenye majani, na kabla ya kumwagilia uchomeke kidole. Ukikuta ubichi, ondoka na maji yako. Zaidi ya yote, mizizi yake haitaki joto wala haitaki kukaa ndani ya maji. "Miguu yake iwe baridi lakini isilowe," alisema Bwana Miti. Maneno hayo mpaka leo nayasema kwa wajukuu wangu, nao wananicheka.

Kosa la kwanza lilikuwa letu sote, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyetoka kwetu. Kila mkulima wa Tororo na Busia anajua kwamba penye kichuguu ndipo panapozaa. Wimbi huota vizuri hapo, ndizi hunenepa hapo. Nyapara Othieno, kwa upendo kabisa, alituma watu wavunje kichuguu kikubwa, akausaga udongo wake na kuujaza kwenye madebe ya miche ya mzungu, ili ipate kilicho bora. Baada ya kumwagilia mara chache udongo ule ulishikana ukawa mgumu kama sakafu iliyosiribwa. Maji yalisimama juu. Chini, mizizi ilikosa hewa. Tulipomwaga debe moja tukakuta mizizi imekuwa myeusi na inanuka.

Bwana Miti hakugomba. Alituambia tuchanganye upya: udongo mweusi wa msituni, majani yaliyooza na kuchekechwa, na mchanga mwingi wa mto. Hapo tukakutana na taabu ya pili, yaani vyombo. Debe lilishika joto la jua la Tororo mpaka ukiligusa unaondoa mkono. Tukajaribu masanduku ya mbao, mchwa wakayamaliza kwa chini bila sisi kujua, hata siku moja nikanyanyua sanduku nikabaki na kuta zake. Ndipo nyapara akakumbuka vyungu vya maji vya kwao Sop Sop. Chungu kizuri cha udongo hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji ndani yake. Kinachopoza maji, alisema, kitapoza na mizizi.

Hakukosea. Mfinyanzi aliyejulikana sana upande ule alikuwa mama mmoja mjane, aliyeitwa Min Athieno, maana yake mama yake Athieno. Tulichukua kwake vyungu vya kutosha, tukahamisha miche iliyobaki, na kwa muda ikapendeza. Halafu majani yakaanza kulegea tena. Chungu cha maji hakina tundu, na maji yaliyozidi yalikuwa yakikaa chini kimyakimya, hata tulipotanguliza kokoto. Nikajaribu kutoboa kwa msumari na nyundo, polepole, nimeshika pumzi. Kila chungu kilipasuka. Chungu kikishachomwa hakikubali tena kutobolewa. Tundu lazima litiwe na mfinyanzi mwenyewe, udongo ukiwa bado mbichi.

Nikapanda baiskeli hadi Sop Sop. Min Athieno alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, akilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha ngozi kilicholowa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho yasiyokwepa. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu, nikamwomba vyungu vyenye tundu chini. Mkono wake ulisimama.

"Wewe toka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia Masaba.

"Basi wewe hapana jua. Chungu ya tundu ni ya kaburi. Hiyo mimi natengeneza mtu akikufa. Athieno yangu ana mimba. Wewe nataka mimi naweka chungu ya kaburi hapa nyumbani, mtu hapana kufa?"

Nikaomba radhi. Kwetu Usamia sisi tuna mambo yetu, lakini hilo lake sikulijua. Kwao, mtu akizikwa, chungu chenye tundu huwekwa upande wa kichwa chake, na kutengeneza kimoja bila msiba ni kuuita msiba uje. Hakuna mfinyanzi mwingine wa pande zile ambaye angekubali. Nilirudi Tororo nikisukuma baiskeli hata pale penye mteremko, kwa jinsi nilivyokufa moyo.

Kiangazi kikakaza. Miche ikapukutisha majani yote, na nyapara akataka kuing'oa akidhani imekufa. Bwana Miti akakwaruza ganda la mmoja kwa ukucha, akatuonyesha ukijani chini yake. Alisema huo ni mti unaolala. Kwao hulala wakati wa baridi, na hapa umechanganyikiwa haujui saa ya kulala wala ya kuamka. Hata hivyo, tulipoikwaruza mingine tulikuta kahawia tupu. Ilibaki mitatu, kisha mmoja. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa.

Jioni ile Bwana Miti alichuchumaa karibu nami mbele ya mche ule wa mwisho. Akachomeka kidole kwenye udongo, akasema, "Wandera, mti huu si wa Serikali." Ndipo akanieleza habari za mkewe, za dirisha, na za kaburi. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi. Alipomaliza alisimama, akapangusa magoti, akaenda zake. Nilimhurumia mno. Niliwahi kumwogopa na niliwahi kumheshimu, lakini kumhurumia, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kesho yake nilikuwa Sop Sop kabla umande haujakauka. Safari hii sikuanza na vyungu. Nilimwambia Min Athieno kwamba kuna mtu amefiwa na mke, na kwamba mti ule ni wa kaburi lake.

"Kumbe ni ya marehemu," akasema. "Mbona wewe hapana sema?"

Akasema kama ni hivyo chungu kile ni haki ya marehemu, na yeye atakitengeneza. Lakini chungu cha kaburi hakiagizwi kwa kutuma mtu, wala hakinunuliwi. Mwenye msiba huja mwenyewe, huketi chini uani, humtaja marehemu, na tundu hutobolewa yeye akiwa anaona. "Huyo mzungu naweza kukaa chini hapa?" akaniuliza. Nikasema sijui.

Nyapara Othieno aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka. Alinionya kwamba nikienda kumwambia ofisa wa Serikali akaketi mavumbini kwa mfinyanzi na kumlilia mkewe mbele ya watu, nitamwaga unga wangu na wake pia. Wakati ule mambo yalikuwa hivyo. Mzungu hakukaa chini mbele yetu. Hata akija kukagua tuta, kuna mtu wa kumbebea kiti. Lakini mche ulikuwa mmoja, na usiku ule ngurumo zilisikika mbali. Nikapiga moyo konde, asubuhi nikasimama mbele ya meza yake na kumweleza yote kama nilivyoelezwa, bila kupunguza neno.

Alitazama dirishani. Kisha akauliza swali moja tu: "Lini?"

Gari liliishia pale njia ilipokuwa nyembamba, tukatembea yaliyobaki, yeye, nyapara na mimi. Uani kwa Min Athieno walikuwa wameketi wanawake wa jirani, maana habari ya msiba haikai siri. Mtu mmoja alileta kigoda. Bwana Miti alikitazama, akakisogeza kando, akaketi chini na miguu yake mirefu akaikunja kwa taabu. Min Athieno alikuwa na chungu kibichi mbele yake, hakijaona moto. Akauliza, kwa kinywa cha nyapara, "Anaitwa nani?"

"Edith," akasema Bwana Miti.

Min Athieno alilirudia jina lile taratibu, na wale wanawake wakalirudia, kila mmoja kwa matamshi yake. Akauliza marehemu alikuwa anapenda nini. Bwana Miti akaanza kuueleza ule mti wa nyumbani kwao, jinsi ulivyokuwa mwekundu kabla ya kupukutisha majani, mpaka chumba chote cha Edith kikawa na rangi ile, naye alikuwa akikataa kufunga pazia. Akaeleza kwamba Edith alipenda kuimba, ingawa aliimba vibaya. Akaeleza kwamba aliogopa kuku. Nyapara alitafsiri hata hilo, na mwanamke mmoja akacheka kidogo akajifunika mdomo. Wakati Bwana Miti anaendelea kusema, Min Athieno alikigeuza chungu, akalowesha kidole chake cha mwisho, akakipitisha katikati ya kitako. Tundu likawa hapo, la mviringo, safi.

Ndipo wanawake walipopiga kite. Kilio chetu mnakijua. Kilipanda kutoka kwa mmoja kikashika wote, na jina la Edith likiwa ndani yake. Bwana Miti alishtuka, kisha akavua kofia, akaificha sura yake ndani yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nyapara alilia. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia. Yule mama alikuwa amezikwa Tororo kwa maneno machache ya padri na Wazungu waliosimama wima, na siku ile ndipo alipoliliwa na watu.

Chungu kilikaushwa kivulini, kikachomwa, na Bwana Miti akakifuata mwenyewe na kukipakata njia nzima. Nilifunika tundu kwa kigae kilichoinama, ili maji yapite na udongo ubaki. Nikatia mchanganyiko wetu, nikauhamisha mche bila kuitikisa mizizi, nikatandaza majani makavu juu. Nilipomwagilia, maji yalitoka chini yakiwa safi. Nilibaki pale nikiyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake akizaa. Haukupita muda vichipukizi vikatokea, vidogo, vyekundu, vimekunja ngumi.

Tuliupanda kaburini kwa Edith mvua ya kwanza ilipokwisha kulainisha ardhi. Chungu kitupu tukakiweka upande wa kichwa, kama inavyotakiwa. Siku ya kuondoka, stesheni ilijaa maofisa na wake zao wa kumuaga Bwana Miti. Alipita kati yao, akanifikia mimi niliyekuwa nimesimama nyuma na nyapara, akanishika mkono. Nilidhani atasema maneno makubwa. Alisema, "Maji asubuhi, Wandera." Gari likaondoka.

Nilirudishwa Busia kuwa nyapara wa kitalu kilekile nilichoanzia, na mtu wa kwanza aliyekuja kuomba kazi nikamtia udongo mkononi. Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda baiskeli hadi Tororo na kumwagilia. Mti wa vidole ulifika kifuani kwangu. Mwaka mmoja, katika baridi ya mwezi wa saba, uligeuka mwekundu wote, nami nikaketi mbele yake mpaka jua likazama. Halafu ukaja ukame mbaya, mimi nikiwa kitandani na homa, na nilipopata nguvu ya kwenda niliukuta umekauka. Nilikwaruza ganda. Kahawia.

Tangu hapo nimelea miti isiyo na hesabu. Uhuru ulikuja, mabosi wakabadilika rangi na vyeo, vifuko vya nailoni vikaja, nami nikastaafu na viungo vinavyouma kila mvua ikikaribia. Mingi ya miti ile bado imesimama kwenye barabara ya kwenda Busia, na watu wanapumzika chini yake bila kujua ni ya nani. Sina kinyongo. Kazi ya kitalu ndivyo ilivyo: unachokilea unakitoa.

Mwaka juzi mwanamke wa Kizungu alifika Tororo akitafuta kaburi la shangazi yake Edith, akaelekezwa kwangu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Bwana Miti alikwisha kufa zamani, katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba waliomzika walikuwa wachache sana. Nikamshukuru, nikampeleka kaburini, akapiga picha ya chungu, akaenda.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi mwanangu alinipeleka Sop Sop kwa pikipiki. Min Athieno alikwisha kuwa mkongwe, na hakufinyanga tena, kwani watu walikuwa wanatumia jerikeni. Nilimpa habari ile. Akamtuma mjukuu wake amletee udongo kutoka bondeni, na akaanza kuukanda. Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Chungu kilipopata umbo, akainua uso.

"Mwenye msiba nani?"

Nikavua viatu. Nikaketi chini, magoti yakilalamika, na nikasema ni mimi.

"Anaitwa nani?"

Miaka yote ile nilimwita Bwana Miti. Jina lake nililijua, lakini sikupata kulitia kinywani hata mara moja.

"Arthur," nikasema.

Min Athieno akalirudia taratibu. Akalowesha kidole, akauliza alikuwa anapenda nini, nami nikaanza kumweleza.